Mota ya nyuma kwenye baiskeli ya kruza: breki ya kukanyaga itabaki?

Swali:
Ndugu zangu, ninajenga nyumbani baiskeli ya umeme kwa kutumia fremu ya chuma ya kruza, yenye usukani mpana na matairi manene, na nimekusudia kufunga mota ya kitovu (iliyo katikati ya gurudumu) kwenye gurudumu la nyuma pamoja na betri ya volti 48. Kwa sasa baiskeli husimama kwa kukanyaga pedali kinyumenyume. Je, breki hiyo itabaki?

Jibu la kwanza:
Haitabaki, ndugu, kwa sababu breki hiyo imo ndani ya kitovu cha zamani, nacho ndicho kitakachoondolewa. Weka breki za mkono mbele na nyuma kabla ya kufikiria mwendo. Pima pia upana wa nafasi ya kitovu kwenye fremu: kruza nyingi zina milimita 110, ilhali mota nyingi za nyuma huhitaji 135. Fremu ya chuma hupanuliwa taratibu. Alumini usiipanue, kwani hupasuka.

Jibu la pili:
Nakubaliana na mwenzangu, ila usisahau kishikio cha chuma kinachoizuia ekseli ya mota isizunguke. Mimi nilikipuuza, ekseli ikazunguka na kukata nyaya zote.

Muulizaji:
Ahsanteni sana. Betri ya ampea-saa 15 itanifikisha umbali gani?

Jibu la pili:
Volti 48 mara 15 ni wati-saa 720, yaani nishati iliyomo kwenye betri. Ukitumia wati-saa 15 kwa kila kilomita, utapata takribani kilomita 48. Fyuzi ikae karibu na betri.