Manslaughter mbona ni nyepesi kuliko murder?

Mtoto wa Temeke: Wakuu habari za jioni, naombeni kueleweshwa, dogo wa fom two kaniuliza nikabaki natoa macho. Slaughter najua ni kuchinja, slaughterhouse ni machinjio kama pale Vingunguti, sasa manslaughter si ndo ingekuwa kuchinja mtu kabisa? Mbona mahakamani inakuwa afadhali kuliko murder?

Kombo2: Usilikatekate neno mkuu utapotea. Slaughter yenyewe sio ya ng'ombe tu, watu wakiuawa wengi kwa ukatili magazeti ya Kiingereza yanaandika hivyo hivyo. Hata timu ikila 5 utasikia slaughtered. Ila manslaughter ni ya kisheria, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 195, kuua bila kukusudia. Murder ni 196, kuua kwa kukusudia, na adhabu yake ni kunyongwa.

Mama Shughuli: Ile kesi ya Lulu na Kanumba, wale waigizaji wa Bongo movie, si ndo hiyo?

Mzee wa Kotini: Ndo yenyewe. 2012 Kanumba alipofariki, Lulu alianza na kesi ya murder, na murder haina dhamana kwa hiyo akakaa ndani, baadae ikabadilishwa kuwa manslaughter, 2013 akatoka kwa dhamana, 2017 akahukumiwa miaka 2. Ila watu wasijidanganye kwamba ukisema tu "sikutaka afe" umepona, kifungu cha 200 kinasema hata kama ulikusudia kumdhuru vibaya tu halafu akafa, hiyo ni murder. Mtu kamtwanga mwenzie shoka la kichwa eti alikuwa anamtisha, nani atamwelewa? Kinachoshusha kesi ni kama umechokozwa ukapandwa na hasira pale pale, sio uende nyumbani unoe panga ndo urudi.

Mtoto wa Temeke: Hapo nimekusoma mzee. Kwa hiyo manslaughter mwisho miaka mingapi?

Mzee wa Kotini: Mwisho ni maisha bwana, sio nyepesi kihivyo. Jaji anaangalia mazingira, mwingine anapata kifungo cha nje mwingine 15 au zaidi.

Kombo2: Na dogo asije akasoma "slafta" darasani wakamcheka, ni "slota". Toa s ibaki laughter, hiyo sasa ndo inasomwa "lafta" na maana yake kicheko. Waingereza nao bwana 😂