Tupeane uzoefu: ulipoanza chupa au unga, ulikuwa unakimbia nini?

Mzawa wa Kisauni

Hamjambo wapendwa. Leo naomba tuongee sisi tulioitwa majina barazani kabla hatujajua maana yake: mashoga, wasagaji, makuchu (ndivyo wenzetu wa Uganda wanavyojiita), na wale ambao mwili waliozaliwa nao haukubaliani na nafsi zao. Na hasa wale kati yetu tulioishia kwenye chupa, vidonge au kete za heroini, yaani unga. Kila nilipokwenda kutafuta tiba niliulizwa nilianza lini na natumia kiasi gani. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa nakimbia nini. Basi naanza mimi, kisha nanyi mwage yenu, marefu kwa mafupi. Majina ya watu na nyumba msitaje, tusije tukachomeana.

Nilikuwa na miaka 19 baba alipokuta ujumbe kwenye simu yangu. Hakunipiga. Alibeba godoro langu mwenyewe, akaliegemeza ukutani nje, saa watu wanatoka swala ya Ijumaa. Kila aliyepita aliliangalia godoro, kisha akaniangalia mimi. Baba hakusema neno, na mama hakutoka chumbani. Mpaka leo nikiona godoro limeanikwa nje moyo hunipaa.

Nikahamia Mtwapa kwa rafiki. Haukupita muda, Februari 2010, ukaja ule uvumi wa harusi ya wanaume wawili, umati ukazingira kituo cha afya, watu wakapigwa. Wa rika langu mnakumbuka. Sisi tulikaa chumbani siku tatu bila kuwasha taa, haja ndogo kwenye debe. Hapo ndipo nilipoanza muguka, yale majani ya kutafuna yanayokesheza, usiku kucha, kwa sababu nikilala naota mlango unavunjwa. Muguka ukanimaliza, nikatafuta bugizi, vidonge vya kulevya, ili nipate usingizi. Unga ukaja mwisho. Watu hudhani teja anatafuta raha. Mimi siku ile nilipata saa nzima ya kukaa mahali bila kutegea sikio mlangoni. Nilikuwa tayari kulipa chochote kuipata tena saa hiyo, na nililipa.

Soba ya kwanza niliyopelekwa, yaani nyumba ya kuacha ulevi, msimamizi alinisimamisha mbele ya wenzangu akasema, "Wewe ugonjwa wako ni mmoja. Acha hiyo tabia, unga utakutoka wenyewe." Tangu siku hiyo kikombe changu kiliwekwa peke yake, dirishani. Siku ya 11 nikaruka ukuta. Nikavuta kiasi kile kile nilichozoea, na mwili ulikuwa umeshasahau. Rafiki yangu alinipulizia pumzi mdomoni mpaka nikakohoa. Hili mlishike: ukitoka soba, ukitoka jela, ukitoka kulazwa, kipimo chako cha zamani kinaweza kukuua siku ya kwanza.

Kliniki za methadoni, dawa ya kunywa inayopewa mtu badala ya unga, zilianza Kenya mwishoni mwa 2014 kule Nairobi, Pwani zikafuata 2015. Nikaingia. Asubuhi unapanga foleni, unapewa kikombe kidogo, unakunywa mbele ya nesi, halafu anakusemesha ili ahakikishe umemeza. Arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ikatulia, lakini usiku mlango uliendelea kuvunjwa. Mshauri alikuwa akiniuliza kila nikimwona, nyumbani unaishi na nani? Najibu, "Nipo na mwenzangu. Yeye hajambo." Lugha yetu ina sitara yake, ukisema "yeye" hujasema mke wala mume. Nilijificha ndani ya neno hilo karibu miaka miwili. Siku moja nikachoka, nikasema, "Yeye ni mwanamume." Nikawa nasubiri kikombe changu kipelekwe dirishani. Mshauri akauliza, "Naye anavuta?"

Basi. Akaandika, akaendelea. Nilikwenda kulia kwenye ngazi. Tulianza kuzungumza habari za godoro baada ya siku hiyo, si kabla, na usingizi ukaanza kurudi kidogo kidogo.

Haya, karibuni.

Kipepeo

Mimi ni kuchu kutoka Kampala, Kiswahili nimejifunzia Nairobi, mtanivumilia. Nilipozaliwa walisema ni mvulana. Mimi ni mwanamke.

Niliondoka 2023, sheria ya Uganda dhidi ya ushoga iliposainiwa mwezi wa tano. Mwenye nyumba wangu, mzee mmoja, alikuwa mwema kwangu miaka minne. Lakini sheria ilisema hata anayekupangisha anafungwa. Alikuja usiku na kodi ya mwezi mzima mkononi, akanirudishia, akaniomba msamaha, akasema niondoke kabla ya alfajiri. Aprili ya mwaka uliofuata mahakama ilikifuta kile kifungu cha nyumba. Mimi nilishavuka mpaka wa Busia zamani.

Sasa habari ya pombe. Nyumbani naitwa jina alilonipa baba. Karatasi zangu za ukimbizi zina jina hilo hilo. Nairobi nzima ilikuwa na baa moja tu, ya uchochoroni, iliyoniita jina langu. Nikiingia mhudumu anasema, "Dada, kiti chako kipo." Niambieni, mtu anaachaje pombe wakati ndugu zake wote wamezunguka meza yenye chupa? Nimeacha mara tatu. Kiu naiweza. Jumamosi jioni ndiyo inayonishinda.

Siku hizi Jumamosi tunapika kwangu, matoke na maharagwe. Chupa haivuki mlango. Tulianza sita, wawili wameacha kuja. Mimi nina wiki ya tisa.

Binti Temeke

Poleni jamani. Dada Kipepeo, hongera kwa hizo wiki tisa, usizione ndogo.

Mimi niliozeshwa nikiwa na miaka 22 baada ya kukutwa na mwenzangu, eti nitulie. Kabla ya ndoa alitumwa mtu wa "kunirekebisha". Sitaeleza zaidi, mnaoelewa mmeelewa. Nilianza na viroba, zile pakiti ndogo za pombe kali, kwa kuwa vinaingia kwenye sidiria na mume hajui. Vilipopigwa marufuku Machi 2017 nikahamia gongo, pombe ya kienyeji.

Kuna jambo hakuna aliyenionya. Nilidhani nikiacha pombe nitapumzika. Kumbe pombe ilikuwa imekalia kifuniko. Wiki ya kwanza bila kunywa nilianza kusikia harufu ya yule mtu, mchana kweupe, ndani ya daladala. Nikashuka Tazara nikatapika. Nikajua nimerukwa na akili, nikanywa siku hiyo hiyo.

Mara ya pili nilijifungia chumbani nikaikata ghafla. Siku ya pili nikapata degedege, jirani akanikimbiza hospitali. Daktari aliniambia mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka asiikate pombe kwa mkupuo bila dawa na bila mtu wa kumwangalia, anaweza kufa. Nawaomba msijaribu peke yenu.

Mara hii nimeanza na mshauri, pombe tumeipunguza baadaye, hospitalini. Harufu bado huja. Ikija nahesabu vituo: Veta, Tazara, Vingunguti, mpaka ipite.

Nesi wa zamu

Nimesoma yote mpaka sasa. Nafanya kazi na waraibu huku Pwani mwaka wa 11 huu.

Binti Temeke, hukurukwa na akili. Mtu aliyepigwa, aliyebakwa, aliyefukuzwa, mwili wake hukaa macho hata hatari ikiisha, na pombe au unga huulaza kwa nguvu. Ukiviondoa unaamka wote kwa pamoja. Ndiyo sababu wengi hurudia wiki za mwanzo, wakaitwa wazembe. Jeraha na uraibu vinatakiwa kutibiwa pamoja, na kusema kweli vituo vinavyofanya hivyo ni vichache.

Wengine hamji kabisa mkihofia jina litafika polisi. Sitawaambia hofu hiyo ni ya bure. Kifungu cha 162 cha sheria ya jinai ya Kenya, kinachoharamisha ngono ya wanaume kwa wanaume, kingali hai, kifungo miaka 14, Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Na baada ya Mahakama ya Juu kuruhusu lile shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji lisajiliwe, Februari 2023, matusi barabarani yaliongezeka, wagonjwa wangu walinieleza. Ninaloweza kusema ni hili: ili upewe methadoni si lazima umweleze mtu unalala na nani. Sema ukiwa tayari, kwa mtu mmoja uliyempima. Ila usikose dozi. Ukikosa siku kadhaa mfululizo inabidi upunguziwe uanze kupanda upya, kwa usalama wako. Na mnaoishi na mtu anayejidunga, ulizeni kliniki kuhusu naloksoni, dawa ya kumwamsha aliyezidiwa na unga.

Nina jambo langu pia. Miaka ya mwanzo alikuja kijana, kajipaka wanja. Mimi na wenzangu tulichekana pale dirishani, tukidhani hasikii. Alisikia. Hakurudi tena. Sura imenitoka, nakumbuka ndala zake za kijani.

Asiyetajwa

Fupi tu. Nilikamatwa nikapimwa kwa nguvu, kule nyuma, ili wapate "ushahidi". Nilikuwa sijawahi kuonja pombe maishani. Machi 2018 Mahakama ya Rufaa hapa Mombasa ikasema vipimo vile ni kinyume cha katiba. Habari hiyo niliisikia redioni nikiwa mnazini, asubuhi, nimeshalewa. Nilitaka nimwambie mtu, "hao wanaongea juu yangu." Sikumwambia mtu. Leo ndiyo mara ya kwanza.

Mzawa wa Kisauni

Ndugu yangu Asiyetajwa, tumekusikia. Kaa hapa.

Mama wa Tanga

Mimi si mmoja wenu, ni mama. Nimeingia humu kwa kuwa mwanangu ni teja aliye kwenye dozi Dar es Salaam, na ni shoga. Neno hilo sisi huku tuliitana wanawake kwa mapenzi, shoga yangu, shoga yangu, sasa nikilitamka koo linakaba.

Baba yake alipomfukuza mimi niliufunga mlango. Miaka sita. Siku moja akapiga simu, akaniambia amekosa dozi siku mbili kwa kukosa nauli. Hakuomba. Alisema tu, kama anayetoa taarifa. Nikamtumia. Tangu hapo kila Jumapili natumia nauli ya wiki nzima, baba yake hajui. Maneno sina, nimekulia kwenye dini na sijaweza kuyapanga kichwani. Nauli ninayo, nauza vitumbua.

Nimesoma hapo juu habari ya "yeye" nikashtuka. Kila akipiga simu mwanangu humalizia, "Mama, yeye anakusalimu." Mimi hunyamaza mpaka akate. Sasa nimeelewa yeye ni nani. Jumapili hii atapiga tena. Nimjibu nini?

Mzawa wa Kisauni

Shikamoo mama. Mwambie salamu umezipokea. Halafu muulize, yeye vitumbua anapenda vya iliki au vya nazi tupu.