Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema Scientology ni dini. Ninyi mnasemaje?

Wakuu, salaam. Mimi ni Mtanzania, naishi London, na huu ni mwaka wa saba tangu niwe mfuasi wa Scientology. Najua wengi mkisikia jina hilo mnamkumbuka Tom Cruise na kuanza kucheka. Chekeni kwanza, nasubiri.

Swali langu: dini inapimwa kwa kipimo gani, na nani mwenye haki ya kuipima? Hapa Uingereza suala hili lilipata majibu mawili mahakamani. Mwaka 1970 majaji walikataa kanisa letu la Saint Hill, East Grinstead, lisajiliwe kuwa mahali pa ibada. Hoja yao: ibada ni kumcha mungu, na sisi hawakuona tunamcha nani. Desemba 2013 Mahakama ya Juu ikautengua msimamo huo, baada ya binti mmoja muumini kutaka kufungia ndoa kanisani kwetu Queen Victoria Street. Jaji Toulson alionyesha kwamba ukishikilia lazima pawe na mungu, utawafukuza hata Wabudha. Binti akaolewa palepale mwaka uliofuata.

Tunaamini nini? Binadamu ni roho isiyokufa. Roho hiyo tunaiita thetani (nimesema thetani, si shetani, tuelewane mapema). Mwili ni vazi tu, na umeshavaa mengi kabla ya hili. Maumivu uliyopitia yameacha makovu akilini, engramu, yanayokuendesha bila wewe kujua. Kuyafikia makovu hayo ndiyo kazi ya oditingi. Unakaa na odita uso kwa uso, umeshika makopo mawili ya chuma yaliyounganishwa na kifaa kiitwacho E-Meter. Anauliza, unajibu, mshale unacheza. Hakupi ushauri wala hakukaripii. Mimi nimelelewa Moshi, ambako kila sentensi ya kijana ina mjomba wa kuisahihisha. Kusikilizwa saa nzima bila kukatizwa, mara ya kwanza nililia, na sioni aibu kulisema.

Siku nyingi maisha yetu hayana maajabu. Jumapili kuna ibada: inasomwa Imani aliyoandika mwanzilishi wetu, L. Ron Hubbard, mwaka 1954, inayoanza na usawa wa watu wa rangi zote, halafu hotuba, halafu sala ya uhuru. Jioni za wiki nakwenda darasani. Kuna sheria moja pale: usiruke neno usilolielewa. Kila meza ina kamusi, na kuna udongo wa kufinyanga ili uonyeshe kwa mikono ulichosoma. Nimefanya kazi za kulea wazee usiku kwa miaka, Kiingereza changu kilikuwa cha "good morning" na "sign here". Kamusi ile imenifaa kuliko chuo.

Karibuni tujadili, matusi tuyaache mlangoni.

Kipima Joto: Mkuu, hukumu umeikata nusu. Ile ilihusu ndoa na jengo. Mwaka 1999 tume inayosimamia taasisi za hisani England na Wales ilikataa kuwasajili. Ufaransa mwaka 2009 mahakama iliwatia hatiani kwa udanganyifu, faini euro 600,000, na mwaka 2013 mahakama ya mwisho ikaithibitisha. Ujerumani idara ya usalama wa ndani ilianza kuwafuatilia 1997. Na mke wa huyo Hubbard, Mary Sue, alihukumiwa Marekani mwaka 1979 pamoja na wenzake kwa njama iliyohusu kuingiza watu ofisi za serikali na kuiba nyaraka. Hapo umepita kimya kimya.

Mleta mada: Sijapita kimya, ni urefu wa andiko. Wizi ule ulitokea, na ofisi iliyohusika ilivunjwa. Lakini ukianza kunitajia Ufaransa, nami nitakutajia Australia 1983, Mahakama Kuu yao ilitutambua. Marekani mamlaka ya kodi ilitusamehe kodi 1993 baada ya vuta nikuvute ya miaka. Ubelgiji waendesha mashtaka walitaka tufungiwe kabisa, 2016 mahakama ikaitupa kesi. Tukihesabu mahakama hatutamaliza leo.

Nahodha Mstaafu: Ndugu yangu, hapa Tanga tumezoea wageni, sikulaumu kuwa na imani yako. Ila nimesikia mnasema mtu anaweza kubaki Mwislamu akawa Scientology pia. Hilo si kweli na mnajua si kweli. Mimi nikifa nasubiri kufufuliwa na hesabu. Wewe unaniambia nitavaa mwili mwingine. Chagua moja, usiniuzie zote mbili.

Mama Wawili: Mimi la bei. Mnapanda ngazi, mnaita Daraja, na kila ngazi ina malipo yake. Usinijibu kwa fungu la kumi, najua unalitafuta. Nikienda parokiani sina hata mia, padri ananipa komunyo ileile anayompa mwenye gari. Kwenu asiye na pesa anasimama wapi?

Mleta mada: Nahodha, umenishika. Kanisa linasema hivyo, mimi mwenyewe sikuweza kubaki na zote mbili. Mama Wawili, asiye na pesa anaweza kusomea uodita, akaoditiana na mwenzake. Wengine wanajiunga na Sea Org, watumishi wa kudumu, wanaosaini mkataba wa miaka bilioni moja (ni ishara, wanaamini watarudi). Lakini ndiyo, mwenye pesa anapanda haraka. Hilo linanikera hata mimi.

Mtu wa Malindi: Hapa kwetu Kenya, baada ya msitu wa Shakahola, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga hadi kufa na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa, kila mtu sasa anataka serikali ipime mafundisho. Mimi napinga. Roho ikae wapi, imevaa miili mingapi, si kazi ya chifu. Serikali iulize mambo mawili: mtu anaruhusiwa kuondoka? Na akiondoka, nani bado anaongea naye?

Mama Wawili: Hapo hapo. Mleta mada, nyinyi mna kile cha kukata mawasiliano na anayelipinga kanisa. Mama yako akisimama hadharani akasema mwanangu ametapeliwa, utaendelea kumpigia?

Mleta mada: Nimelikalia hili swali siku tatu. Kanisa linasema kukata mawasiliano ni hiari ya mtu mwenyewe. Mimi sijawahi kuambiwa nifanye, ila nawafahamu waliofanya, na sikuwauliza ilikuwa hiari ya namna gani. Nilipaswa kuuliza.

Mama yangu ni Mlutheri wa kwaya. Nampigia kila Jumapili, akitoka kwake nami nikitoka kwangu. Jana nilimsomea maneno yenu yote. Akaniuliza huko kwetu tunaimba? Nikasema si sana. Akasema, "Basi mimi sina haja ya kwenda kulipinga. Watachoka wenyewe."