Mashirika acheni kutuambia "sisi ni familia" kama hamtaki kutusikiliza

Wakuu habari zenu, nimevumilia sana ila leo acha niseme.

Nina miaka tisa kwenye haya mashirika yasiyo ya kiserikali, nimepita matatu, na kote wimbo ni ule ule, sisi ni familia, hii kazi ni wito, usiangalie hela iangalie jamii. Ila ukiuliza kwanini umefanya kazi wikiendi tatu mfululizo bila hata siku moja ya kufidia unaambiwa huna moyo wa kujitolea. Yaani wito umegeuzwa kuwa kitu cha kutuziba midomo.

Niwape kisa. Hapa nilipo andiko la mradi liliandikwa na watu watatu wamejifungia ofisini, wakaweka taget ya kaya 1,200 kwa miezi sita, sisi wa fildi hatukuulizwa hata neno moja, tumekuja kuiona mfadhili ameshasaini. Kikao cha kwanza dada mmoja wa fildi, mtu mpole kabisa, akafungua daftari lake akasoma hesabu: kila kaya inatakiwa itembelewe mara tatu, jumla ziara 3,600, sisi tuko wanne, kwahiyo kila mtu apige kaya saba kila siku ya kazi kwa miezi sita bila kuumwa wala kufiwa, na gari ni moja na tunagombania na watu wa uhasibu. Bosi hakuuliza swali hata moja kuhusu zile namba. Akamjibu mbele yetu wote, "hapa tunahitaji watu wenye mtazamo chanya." Dada akafunga daftari.

Wiki iliyofuata tukapelekwa semina ya siku mbili ya kujenga timu. Tukavuta kamba, tukagawiwa tisheti, tukapigwa picha za kupeleka kwa mfadhili. Mimi namwangalia yule dada ameshika kamba macho yako chini, na tangu siku ile hajafungua mdomo kwenye kikao. Mwezi wa tano tumefikisha kaya mia tano na kidogo, bosi anagonga meza anauliza mbona hakuna mtu aliyesema mapema. ALISEMA! Tulikuwepo wote na tukanyamaza, mimi nikiwemo, na hilo linaniuma mpaka leo.

Hiki kitu wala sio kigeni. Amy Edmondson, mtafiti wa Harvard, alishaandika tangu 1999 kwamba timu inajifunza pale watu wanapoweza kuuliza au kukiri kosa bila kuogopa kuaibishwa. Na msidhani ni viofisi vidogo tu, Amnesty International wenyewe, watetezi wa haki za binadamu, waliagiza uchunguzi wa nje na ripoti ikatoka 2019 ikaeleza wafanyakazi wao walivyokuwa wanaonewa na kudhalilishwa hadharani. Angalau wao waliiweka wazi watu wakasoma. Huku kwetu mtu anaacha kazi, anaagwa kwa keki, hakuna hata anayemuuliza umeondoka kwa sababu gani.

Wafadhili nao wamo kwenye hili. Kila hela wanataka iende kwenye shughuli za mradi, hela ya kumfundisha meneja namna ya kuongoza watu inaitwa matumizi ya ofisi inakatwa ya kwanza, matokeo yake mtu anapewa watu ishirini kwa sababu tu anajua kuandika andiko zuri.

Semina na tisheti sizitaki. Nataka kabla namba haijaingia kwenye andiko waitwe wale watakaoenda kuitafuta, waiangalie, na wakisema haiwezekani iandikwe hivyo hivyo kwenye muhtasari wa kikao. Nataka bosi akikosea aseme nimekosea mbele ya walewale aliowagombeza. Na wikiendi ikiliwa irudishwe, iandikwe kwenye ratiba, isiwe hisani ya meneja.

Juzi nimemfuata yule dada nikamwambia kikao kijacho nitasoma mimi zile hesabu zake. Akaniambia kaka achana nayo, utajiharibia. Kikao ni Alhamisi. Mliowahi kuwa kwenye shirika ambalo watu walikuwa na hofu kama hii halafu ikaisha, nani alianza kuongea na mlimlinda vipi?