Nailoni kwenye viazi mviringo, unaitoa lini?

Jembe_Butu: Wakuu habari zenu. Msimu uliopita nilitandika nailoni nyeusi kwenye matuta tangu siku ya kupanda mpaka navuna, viazi vikachomoza kabla ya vya jirani, majani yakafunga kweli kweli, nikasema mwaka huu nimetoka. Kuja kuchimba, vidogo kama golori! Jirani hakutandika chochote na kanizidi. Kosa ni nailoni yenyewe au nimechelewa kuitoa?

Tuta_Refu: Umechelewa mkuu. Kiazi kinatunga vizuri udongo ukiwa nyuzi 15 mpaka 20 hivi, ukishazidi sana 25 mmea unakuza majani tu, chini hamna kitu. Mwanzoni lile joto la nailoni linasaidia, mbegu inaamka haraka, ila wiki 2 mpaka 4 baada ya kuchomoza ndo viazi vinaanza kutunga, na jua likiwa kali hapo ndo unavichemsha. Mi naitoa kipindi hicho napandishia udongo. Kama msimu wako wote ni baridi hiyo ni habari nyingine, unaweza kuiacha.

MamaShamba: Mnajitesa na nailoni jamani 😅 mi natandaza nyasi kavu na sizitoi mpaka navuna, zinapoza udongo na unyevu unakaa. Ila nazo zina muda wake, ukiziwahisha udongo bado wa baridi utasubiri vichomoze mpaka uchoke. Acha mche ufike kama kiganja, tandaza sentimita 10 mpaka 15, zikishuka ongezea maana kiazi kikipigwa na mwanga kinakuwa kijani na hicho si cha kula. Kagua konokono na panya, humo wanajiona wamepangiwa nyumba.

Jembe_Butu: Asante sana. Sasa nikitoa nailoni katikati ya msimu unyevu si unapotea wote?

Tuta_Refu: Ndo maana usitoe mchana wa jua kali. Subiri mvua inyeshe au mwagilia kwanza, toa jioni, pandishia udongo, halafu hapo hapo tandaza nyasi za MamaShamba juu. Na usiivute nzima nzima, utang'oa mashina, ichane kwa kisu kutoka tundu moja hadi jingine ndo uitoe vipande vipande.

MamaShamba: Na vyote uviokote, vikibaki shambani utavilima miaka.