Wakuu, bunduki gani inafaa kuwindia javelina (mnyama wa huku anayefanana na nguruwe pori) huku Arizona, Marekani? Msaada wa haraka

Mtoto_wa_Kilosa: Habari za usiku wakuu. Nipo Tucson, nimebahatika kwenye droo ya Game and Fish, idara ya wanyamapori ya jimbo, nimepata kibali cha javelina msimu wa Februari, na bunduki sina. Nimesoma mpaka kichwa kinauma, hizi namba za aina za risasi, huyu anasema .223 inatosha, yule .243, mwingine anasema bila .30-06 utamjeruhi tu akafie kwenye mapango. Mimi macho yangu yapo kwenye .30-30 moja nimeiona bei poa, lakini hawa wanyama wanatisha jamani, walikuja nyuma ya jengo letu kupekua mapipa, mmoja kama kilo 90 hivi, manyoya yamesimama na anagonganisha meno. Sitaki kumtesa mnyama wa watu. Naomba jibu kabla ya Jumamosi maana kuna mtu nishamuahidi.

Kiboko_Mstaafu: Kijana umenikumbusha mbali. Marehemu babu yetu kule Rufiji alikuwa na gobore, nguruwe pori wakiingia kwenye mihogo anakaa dunguni usiku kucha, anashindilia baruti na vipande vya nondo, na risasi ni moja tu, ukikosa ndo basi tena hadi ujaze upya nguruwe keshafika kijiji cha pili. Hakukosa mara nyingi. Siku hizi vijana mnauliza namba namba, ulizeni shabaha.

Ustadh_Mikocheni: Swali dogo, wewe ni Muislamu? Maana huyo ni nguruwe, tusizunguke.

Dada_Baiolojia: Shehe, hukumu nakuachia wewe, ila kisayansi javelina si nguruwe. Wa kwetu, ngiri na nguruwe pori, ni ukoo wa Suidae. Huyu ni ukoo wake mwenyewe, Tayassuidae, wa mabara ya Amerika, na ana tezi ya harufu mgongoni karibu na mkia, unaweza kumnusa kabla hujamuona.

Jangwa_Sonora: Mimi ni Mkongo, niko Arizona tangu tuletwe kama wakimbizi, na huyu mnyama nimemuwinda. .243 yenye risasi ya greni 100 (ndio uzito wa risasi) inamtosha kabisa, haikupigi teke la maana begani na nyama inabaki. .30-06 si kosa ila utakula matundu. Hiyo .30-30 nayo inaua vizuri kwa karibu, shida yake nyingi hazina darubini na javelina ni mfupi, rangi ya majivu, kajificha kwenye mipungate, hapo nyuma ya bega pa kulenga ni padogo. .22 ndogo ya kawaida hairuhusiwi, na risasi za koti zima zisizopanuka haziruhusiwi pia. Macho yake mabovu lakini pua ni balaa, asubuhi ya baridi mtafute kwa darubini upande wa mlima unaopigwa jua, halafu mfuate upepo ukikupiga usoni, utafika hata mita 50. Sasa na mimi nikuulize, hiyo bunduki unainunua wewe? Una karatasi gani?

Mtoto_wa_Kilosa: Asante sana kaka, .243 naanza kuielewa. Hayo ya karatasi tuyaache, nimeuliza bunduki.

Jangwa_Sonora: Ndugu, huku bunduki na karatasi ni kitu kimoja. Una green card, ile ya ukaazi wa kudumu?

Mtoto_wa_Kilosa: Sina, nipo kwa viza ya masomo, F-1. Ila msianze kunihukumu, kuna jamaa wa kazini ni raia, ataenda dukani Jumamosi anunue kwa jina lake, nishampa nusu ya hela. Siibi, hela ni yangu, mnyama nina kibali chake, hapo dhambi iko wapi? Kila mtu ananiambia mgeni haruhusiwi kabisa sasa nifanyeje.

Wakili_Msomi: Mdogo wangu SIMAMA HAPO HAPO. Dukani anajaza fomu 4473, ile ya serikali ya kununulia silaha, swali mojawapo ni kama yeye ndiye mnunuzi halisi. Akijibu ndiyo wakati hela ni yako, kadanganya, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 10. Kuna kesi ya Abramski, polisi wa zamani wa Virginia, alimnunulia anko wake bastola ya Glock kwa hela ya anko, na huyo anko aliruhusiwa kabisa kumiliki silaha! Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2014 ikasema hata hivyo ni kosa, kura 5 kwa 4. Sasa wewe mwenye viza fikiria masomo yako yataishia wapi.

Mzee_wa_Nyuzi: Hii chai wakuu, na sukari imezidi. Javelina wa kilo 90? Mkubwa kabisa ni kilo 27 hivi. Halafu huingii kwenye droo ya Arizona bila leseni ya uwindaji, na mwenye viza ya muda akiwa na leseni hai ya uwindaji sheria ya shirikisho inamruhusu kumiliki na kununua mwenyewe. Kwa hiyo ama kibali hana, ama jamaa wa kazini hayupo.

Kiboko_Mstaafu: Mimi nilishanusa kitambo.

Mtoto_wa_Kilosa: Chai gani! Leseni ninayo kwenye simu na kibali kimekuja kwa posta. Kilo sikuwa na mzani, ilikuwa usiku na yamejitutumua, wewe ungekuwepo ungesema 100. Nakwambia harufu ilibaki kwenye ngazi mpaka asubuhi.

Dada_Baiolojia: Hiyo ya harufu haitungiki. Na akisimamisha manyoya anaonekana mara mbili yake kweli.

Wakili_Msomi: Mzee wa Nyuzi kamtilia shaka kijana lakini kamtatulia. Leseni ikiwa hai njia ya halali unayo. Nenda mwenyewe na leseni, pasipoti, namba ya I-94 (rekodi yako ya kuingia nchini) na uthibitisho wa makazi, piga simu dukani kwanza maana wengine hawaijui hiyo nafuu. Na muone mshauri wa wanafunzi wa kigeni, bunduki ndani ya chuo usithubutu kuileta. Jamaa asiguse hiyo fomu.

Mtoto_wa_Kilosa: Bado naona kama angenisaidia tu kwa nia njema. Nishamtumia meseji asinunue, kasema hela ataniletea kazini. Duka likinikatalia je?

Jangwa_Sonora: Wakikukataa kuna msimu wa upinde Januari, mwakani unaomba huo, upinde hauna fomu. Wakikukubali nicheki inboksi, tutaenda uwanja wa shabaha wote, utapiga ukiwa umekaa na fimbo za kuegemea mpaka risasi zikae ndani ya sahani ya chai kwa yadi 100. Kuchuna nitakuonyesha, ile tezi inatoka na ngozi, ukiishika usiguse nyama kwa mkono uleule.