Mzee "anatibiwa bure", kisha anaambiwa dawa akanunue nje. Mpaka lini?

Wakuu, nimerudi na mama kutoka hospitali hapa Tanga sasa hivi, na hasira bado zimenikaba kooni.

Mama ana miaka 71, ana presha na sukari, na kitambulisho cha mzee anacho. Tumetoka Makorora alfajiri. Kumwona daktari hatukulipa hata senti, na nesi kamwita bibi kwa heshima zote. Balaa lilikuwa dirisha la dawa. Dawa nne zimeandikwa. Kijana kapiga mstari chini ya tatu, kaandika pembeni "hakuna", karudisha karatasi. Tulichopata ni panadol.

Duka linalotazamana na geti lina zote tatu, za mwezi mzima 27,000. Mimi nilibaki na nauli ya bajaji tu. Mama kafungua pindo la kanga, katoa elfu sita: "Baba, nipimie za hizi." Dawa za presha zinapimwa kama mafuta ya kupikia!

Msinitajie uzembe wa yule kijana. Hili limeanza mbali. Baada ya Azimio la Arusha serikali ilitibu watu bure, na mwaka 1977 hospitali binafsi za biashara zikapigwa marufuku. Miaka ya 80 uchumi ukayumba, rafu zikabaki na vumbi. Mwaka 1991 hospitali binafsi zikaruhusiwa tena, 1992 vyama vingi, 1993 tukaanza kuchangia matibabu. Siwalaumu waliobadilisha, maana bure isiyo na dawa haikumponya mtu. Ninacholalamikia ni kwamba hospitali iliambiwa ijitegemee kwa makusanyo, halafu ikaambiwa wazee wasiojiweza, wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano wasilipe. Sawa kabisa, lakini nani anairudishia hospitali gharama zao? Anayelipa anajaza kapu, mwenye msamaha anachota, kapu likikauka anayeumia ni huyo huyo mwenye msamaha.

Na kabla hujaniambia nimkatie bima: ule mfuko wa afya ya jamii (CHF) wa elfu 30 kwa kaya ya watu sita tulikuwa nao. Dirisha lile lile, jibu lile lile.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa 2023, na wasio na uwezo wamo ndani yake. Basi pesa zimfuate mgonjwa! Kila mzee anayehudumiwa, hospitali ilipwe kwa jina lake, dawa zinunuliwe. Wabunge wetu waulize hili kwenye bajeti, waache kuja kupiga picha na wazee wetu.

Wa Muheza, Pangani na Korogwe, wazee wenu wanapata dawa dirishani, au nanyi mnavuka barabara? Za mama ni za siku sita. Kliniki yake ni mwezi ujao.